Lev Landau: Mwanafizikia aliyetolewa jela kwa sababu ya heliamu

ALIPOKAMATWA na polisi wa siri jijini Moscow mnamo Aprili 1938, Lev Landau alikuwa na miaka 30 tu. Tayari alihesabiwa miongoni mwa vichwa vikali vya fizikia duniani. Wengi waliokamatwa nyakati hizo za Stalin hawakurudi tena nyumbani. Yeye alirudi, na sababu zilikuwa mbili: kimiminika baridi ajabu, na rafiki aliyekataa kunyamaza.

Hebu tuanze mwanzo. Landau alizaliwa Januari 1908 mjini Baku, Azerbaijan, mji uliojengwa kwa pesa za mafuta. Baba yake alikuwa mhandisi wa mafuta, mama yake daktari. Kwa hesabu, dogo alikuwa noma. Akiwa na miaka 14, umri ambao wengi wetu bado tunapigana na aljebra, aliingia chuo kikuu. Miaka miwili baadaye alihamia Leningrad, na kufikia 1927 alikuwa amehitimu, akiwa na miaka 19.

Baadaye alipata nafasi ya kuzunguka Ulaya. Aliyemvutia zaidi ni Niels Bohr wa Copenhagen, ambaye Landau alimwita mwalimu wake maisha yake yote. Mnamo 1930, akiwa safarini humo, alieleza jinsi elektroni ndani ya metali zinavyotenda zikiwekwa karibu na sumaku. Kazi hiyo ya kijana wa miaka 22 bado inafundishwa vyuoni.

Mwaka wa 1932 alienda Kharkov, Ukraine, kuongoza idara ya nadharia. Huko akabuni mtihani wa kuchuja waliotaka kuwa wanafunzi wake. Haukuwa mchezo. Kwa karibu miaka 30, waliopita wote walikuwa 43 pekee. Landau mwenyewe alikuwa na ulimi mkali, na ukimletea wazo bovu angekuambia hadharani. Wengine walimwogopa, lakini waliobaki walimpenda na kumwita Dau.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka wa 1937 polisi wa siri waliivamia taasisi ya Kharkov. Lev Shubnikov, rafiki yake na mtaalamu wa fizikia ya baridi kali, alipigwa risasi Novemba mwaka huo. Landau alikuwa ameshahamia Moscow kwa Pyotr Kapitsa, mkuu wa taasisi nyingine ya utafiti. Lakini hakutulia. Alishiriki kuandaa karatasi ya siri iliyomlaani Stalin na kumfananisha na Hitler. Karatasi hiyo ikanaswa, naye akatupwa gereza la Lubyanka.

Wakati huohuo, katika maabara ya Kapitsa, kulikuwa na kitendawili. Heliamu, ile gesi ya kujaza baluni, ikipozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri hugeuka kimiminika. Ukiipoza zaidi, hadi chini ya nyuzi 271, inaanza vituko. Inapita kwenye tundu jembamba kana kwamba hakuna msuguano. Ukiiweka kwenye kikombe, inapanda ukutani na kujimwaga nje yenyewe. Asali huvutika, uji huganda, hata maji hukwaruza kidogo yanapopita. Heliamu hii haikujali chochote. Kapitsa na watafiti wawili waliokuwa Cambridge walitangaza ugunduzi huo Januari 1938, lakini nani angeueleza?

Siku ileile Landau alipokamatwa, Kapitsa alimwandikia Stalin. Kimya. Mwaka mmoja baadaye alimwandikia Molotov, waziri mkuu, akieleza kwamba amepata jambo jipya kwenye heliamu na mtu wa kulifumbua ni Landau. Kisha akaweka sahihi ya kumdhamini kwa polisi. Fikiria uzito wa kalamu hiyo, wakati ambapo hata kumsalimia mke wa mfungwa kungeweza kukuponza. Mwishoni mwa Aprili 1939 Landau aliachiliwa, amekonda na afya imezorota.

Deni hilo alililipa. Mnamo 1941 alitoa nadharia yake, na wazo lake kuu ndilo mwanafunzi wa fizikia ya vitu vigumu na vimiminika hukutana nalo mapema: usifuate atomi mojamoja, tazama mwendo wa kundi zima. Fikiria mashabiki wa Kasarani wakisimama na kuketi kwa zamu. Wimbi linazunguka uwanja mzima, ilhali hakuna aliyetoka kitini. Landau aliyahesabu mawimbi ya heliamu kana kwamba ni chembe. Kisha akaonyesha kwamba kimiminika kikitiririka polepole, hakina nguvu ya kutosha kuzalisha hata wimbi moja. Kama hakiwezi kuzalisha wimbi, hakina njia ya kupoteza nguvu zake. Msuguano unakufa.

Nadharia hiyo ilitabiri pia kwamba ndani ya heliamu hiyo joto litasafiri kwa mawimbi, kama sauti. Ilionekana kama ndoto, lakini mwaka wa 1944 majaribio ya Moscow yalithibitisha.

Kutoka hapo jamaa hakushikika. Mwaka wa 1950 yeye na Vitaly Ginzburg waliandika nadharia ya vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote. Pamoja na Evgeny Lifshitz, aliyeshika kalamu kwa sababu Landau hakupenda kuandika, alianzisha mfululizo wa vitabu vya fizikia ambao wanafunzi wanausoma hadi leo.

Januari 7, 1962, gari alilopanda liligongana na lori kwenye barabara yenye barafu. Alizirai kwa wiki nyingi. Wanafizikia wakapanga zamu hospitalini, na dawa zikaletwa kutoka nchi za nje. Mwishoni mwa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya heliamu, akaipokea hukohuko Moscow. Lakini akili ile ya kuumba nadharia haikurudi. Alifariki Aprili 1, 1968, akiwa na miaka 60.

Kesi yake ilifutwa rasmi 1990, wakati yeye na Kapitsa walikuwa wameshakufa. Hadi mwisho, kwa hivyo, Landau aliishi kama mtu aliye nje kwa dhamana ya rafiki. Vipaji vilikuwa vingi kwenye magereza yale, na vingi viliishia humohumo. Tofauti yake ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja nje aliyekubali kuandika jina lake chini ya barua.