Wedgwood: Mfinyanzi aliyepigania mfereji ili vyombo visivunjike

MFINYANZI Josiah Wedgwood alitambua mapema kwamba sahani haimfaidi fundi hadi ifike mezani kwa mnunuzi ikiwa nzima.

Alizaliwa mwaka wa 1730 mjini Burslem, eneo la Staffordshire nchini Uingereza, katika ukoo wa wafinyanzi. Ndui ilimwachia goti bovu utotoni, na mwaka wa 1768 mguu huo ukakatwa. Vyombo vyake vya rangi ya maziwa vilimvutia hata Malkia Charlotte, lakini Staffordshire ilikuwa mbali na bahari.

Hapo ndipo hasara ilipoanzia. Vyombo vilipangwa ndani ya matenga na kutenganishwa kwa mabua makavu visigongane, kisha vikasafirishwa kwa farasi na mikokoteni katika barabara za mashimo na matope. Mabua hupunguza mshindo, hayauondoi. Farasi alipojikwaa, kazi ya siku nyingi iligeuka vigae.

Wedgwood hakutosheka na kuongeza mabua. Pamoja na wafanyabiashara wenzake alilishawishi Bunge kuidhinisha mfereji wa kuunganisha mito ya Trent na Mersey, na Julai 1766 akachimba bonge la kwanza la udongo. Mhandisi James Brindley alifariki mwaka wa 1772 kazi ikiendelea. Mfereji huo wa takriban kilomita 150 ulikamilika mwaka wa 1777. Mashua zilizokokotwa na farasi zilielea taratibu, bila mtikisiko, zikielekea upande wa bandari ya Liverpool. Kiwanda chake kipya, Etruria, kilichofunguliwa mwaka wa 1769, alikijenga kando ya njia ya mfereji, matenga yapakiwe papo hapo. Kila mzigo unapohamishwa, hatari huongezeka.

Isitoshe, aliahidi kuwafidia wateja vyombo vilivyovunjika safarini, ahadi ambayo ingemfilisi mwenye wapakiaji wazembe.

Mwaka wa 1774 alikamilisha seti ya Malkia Catherine wa Pili wa Urusi, yenye vipande zaidi ya 900 vilivyochorwa kwa mkono mandhari mbalimbali za Uingereza. Kimoja kingevunjika baharini, haingekuwa rahisi kupata pacha wake.

Wedgwood alifariki Januari 3, 1795. Sehemu kubwa ya vyombo vya Catherine ingali imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Hermitage, mjini St Petersburg.