Sun Bin, Mlemavu Aliyeshinda Vita

Zamani nchi ya China haikuwa na mfalme mmoja. Falme zilikuwa nyingi, nazo zilipigana mara kwa mara. Katika ufalme wa Qi, upande wa mashariki, alizaliwa Sun Bin, zaidi ya miaka 300 mbele ya kuzaliwa kwa Yezu Kristu. Alijifunza mambo ya vita pamoja na kijana mwenzake, jina lake Pang Juan.

Pang Juan akawa jemadari wa ufalme wa Wei. Lakini moyo wake haukutulia, kwa maana alijua kwamba Sun Bin anampita kwa akili. Akamwita kwake kama rafiki, kisha akamsingizia kosa. Sun Bin akalemazwa miguu na kuchanjwa usoni alama ya wahalifu. Baadaye mjumbe wa Qi akamficha garini mwake, akamrudisha kwao.

Mfalme wa Qi alitaka kumfanya jemadari. Sun Bin akakataa kwa sababu ya adhabu ile. Basi Tian Ji akaongoza jeshi, naye Sun Bin akaketi katika gari lililofunikwa, akitoa mashauri.

Wakati ule Wachina walikuwa na upinde wa namna nyingine. Ulifungwa juu ya gogo jembamba la mti, lenye mfereji wa kuwekea mshale. Nyuma yake palikuwa na mtambo mdogo wa shaba nyeusi, ulioshika kamba iliyovutwa. Mtu akivuta upinde wa kawaida, mkono huchoka upesi. Lakini mwenye upinde huu aliweza kuutega, akangoja kimya hata saa ya kupiga. Hapo alibonyeza mtambo kwa kidole, kama mtu apigaye bunduki, na mshale ukaruka.

Katika mwaka wa 341 mbele ya Kristu, jeshi la Qi liliingia nchi ya Wei. Pang Juan akalifuata. Siku ya kwanza watu wa Qi walifanya meko 100,000, siku ya pili 50,000, siku ya tatu 30,000 tu. Pang Juan alipoyahesabu akafurahi mno, akidhani askari wengi wa Qi wametoroka kwa woga. Akaacha kundi kubwa nyuma, akakimbia na askari wepesi mchana na usiku. Kumbe Sun Bin ndiye aliyeagiza meko yapunguzwe!

Sun Bin akahesabu mwendo wake, akajua kwamba jioni atafika Maling, penye njia nyembamba. Akaficha wapiga upinde kando zote mbili; mwandishi Sima Qian asema walikuwa 10,000. Akaamuru mti mkubwa ubanduliwe ganda, akaandika juu yake kwamba Pang Juan atakufa chini ya mti huo. Wapiga upinde wakaambiwa wapige watakapoona moto.

Giza lilikuwa limeingia. Pang Juan akaona mti mweupe wenye maandishi, akawasha mwenge apate kusoma. Hakufika mwisho wa maneno. Mishale ikanyesha pande zote, jeshi likatawanyika, naye akajiua kwa upanga wake.

Kitabu cha Sun Bin kilipotea kwa mamia ya miaka, hata wengine wakadhani hakikuwapo kamwe. Katika mwaka wa 1972, huko Yinqueshan katika jimbo la Shandong, wachimbaji walikuta kaburi la kale. Ndani yake mlikuwa na vipande vya mianzi vilivyoandikwa: maneno yake yenyewe. Mahali pamoja anataja upinde ule, jinsi unavyopigwa karibu na kifua na kuua mtu zaidi ya hatua mia, wala mtu huyo hajui mshale umetoka wapi.