Chuma, Mtu wa Safari Ndefu

Chuma alikuwa Myao wa nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa. Alipokuwa mtoto alikamatwa, akauzwa, akaswagwa njiani pamoja na watumwa wengine. Mwaka 1861 Daktari Livingstone na Askofu Mackenzie walikutana na msafara ule, nao watumwa wakafunguliwa. Chuma akawa huru, lakini kwao amekwisha kutengwa nako.

Mwaka 1864 Livingstone alimchukua mpaka Bombay, akamtia shuleni. Mwaka 1866 walirudi Afrika, wakashika njia ya bara kwa miguu. Watu wengi wa msafara walimwacha bwana wao. Chuma alikuwa mmoja wa wachache waliokaa naye mpaka mwisho.

Mwaka 1873 Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Chuma na mwenzake Susi wangaliweza kumzika na kwenda zao. Lakini wao na wenzao waliazimu kumrudisha kwa ndugu zake. Wakauzika moyo wake chini ya mti; mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakauchukua mabegani.

Njiani homa iliwashika wengi, msafara ukasimama. Huko Unyanyembe Wazungu waliwashauri wamzike papo hapo, wakakataa. Mbele kidogo wenyeji wakakataza mwili wa mfu usipite kwao. Ndipo wakafanya hila: wakafunga mabua ya mtama yakafanana na maiti, wakawatuma watu kuyarudisha Unyanyembe kana kwamba waenda kuzika. Na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo, wakapita salama. Februari 1874 walifika Bagamoyo, wamekwisha kutembea zaidi ya maili 1,000.

Mwaka 1879 Chuma alikuwa mnyapara wa msafara wa Keith Johnston. Johnston naye akafa njiani. Wapagazi hawakutawanyika: Chuma aliwaongoza pamoja na kijana Joseph Thomson mpaka Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakarudi pwani mwaka 1880. Chuma alikufa Unguja mwaka 1882.

Basi fikirini, wanafunzi: yeye aliyeswagwa utotoni kama mnyama, ukubwani alizipita njia za bara kwa hiari yake, akiwaongoza wengine. Msiba haukumkalisha chini. Kila ulipompata, aliinua mzigo wake akaendelea.