Alan Turing: Mwanamantiki aliyetaka mashine ikaguliwe kabla ya kuaminiwa

VIWAVIJESHI vamizi kutoka bara la Amerika walipoingia katika mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia na Bungoma mwaka 2017, wakulima wengi walikimbilia dawa za kunyunyizia bila kumjua vyema mdudu waliyekuwa wakipambana naye. Muda si mrefu baadaye ilikuja programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Programu hiyo hulitazama jani kupitia kamera na kutoa kauli kuhusu madhara yaliyopo, hata pasipo intaneti.

Mkulima wa Kitale anayeielekeza simu yake kwenye mhindi hukabiliwa na swali moja: je, kauli ya mashine hii iaminiwe kwa kiasi gani? Dawa ina gharama, na ikitumiwa ovyo huharibu udongo na kuua nyuki. Swali lenyewe, hata hivyo, si geni. Lilimshughulisha Mwingereza aliyeaga dunia mwaka 1954, wakati ambapo tarakilishi zilizokuwapo duniani zilikuwa chache mno na kila moja ilijaza chumba kizima.

Alan Mathison Turing alizaliwa jijini London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, hivyo Alan na kaka yake walilelewa kwa muda mrefu na watu baki. Alipotakiwa kuripoti katika shule ya bweni ya Sherborne mwaka 1926, mgomo mkuu wa wafanyakazi ulikuwa umesimamisha magari ya moshi. Kijana huyo wa miaka 13 alipanda baiskeli na kwenda takriban kilomita 97, akilala njiani usiku mmoja. Ni mwendo mrefu kuliko ule wa kutoka Kitale hadi Bungoma kupitia Kimilili.

Miguu hiyo haikupumzika. Mwaka 1947 Turing alishiriki mbio za marathon za chama cha riadha cha Uingereza na kumaliza wa tano, kwa muda wa saa 2 na dakika 46. Katika nchi ya kina Tegla Loroupe, aliyekulia katika kaunti jirani ya Pokot Magharibi, muda huo hauwezi kumshtua mtu. Lakini kwa mwanahisabati aliyekuwa na kazi ya kutwa, haukuwa haba.

Alijiunga na Chuo cha King's, Cambridge, mwaka 1931, akachaguliwa kuwa mhadhiri mtafiti mwaka 1935. Mwaka uliofuata aliandika makala iliyobadilisha historia. Wataalamu wa mantiki walitaka kujua iwapo kuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua kama kauli yoyote ya kihisabati inathibitika au la. Ili kulijibu swali hilo, Turing alibuni mashine ya kufikirika inayosoma na kuandika alama kwenye utepe mrefu.

Mashine ya kusaga mahindi pale sokoni Chwele husaga tu, na cherehani hushona tu. Turing alionyesha kuwa yaweza kuwapo mashine moja inayofanya kazi ya mashine nyingine zote za kukokotoa, mradi ipewe maagizo yaliyoandikwa. Wazo hilo ndilo msingi wa kila tarakilishi na kila simu ya kisasa. Papo hapo alithibitisha pia kwamba yapo maswali ambayo hakuna mashine itakayoyajibu daima, likiwamo swali la iwapo mashine fulani itawahi kuandika alama fulani. Kwa ufupi, mtu aliyetupatia tarakilishi alitupatia mpaka wake katika makala hiyo hiyo. Wanaodai leo kwamba akili unde itatatua kila jambo wangefanya vyema kuirejelea.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, aliripoti Bletchley Park tarehe 4 Septemba 1939. Akijenga juu ya kazi ya Wapolandi watatu, Rejewski, Różycki na Zygalski, alibuni mtambo wa kufumbua maandishi ya siri ya Enigma na kuongoza kitengo kilichoshughulikia mawasiliano ya nyambizi za Wajerumani. Afrika Mashariki nayo haikuwa mbali na kazi hiyo. Kati ya 1942 na 1943, katika shule ya Allidina Visram, Mombasa, kikosi kingine cha Waingereza kilikuwa kikifumbua ujumbe wa siri wa Wajapani.

Baada ya vita alisanifu tarakilishi katika Maabara ya Taifa ya Fizikia, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1948. Hapa ndipo pana jambo ambalo waandishi wengi hulipita kwa haraka. Juni 1949, mjini Cambridge, aliwasilisha makala fupi kuhusu namna ya kuikagua programu ndefu. Pendekezo lake lilikuwa kwamba mtungaji aandike, katika kila hatua, jambo linalopaswa kuwa kweli hapo, ili mkaguzi apime hatua moja moja, kama mkaguzi wa hesabu za chama anavyolipitia daftari ukurasa kwa ukurasa badala ya kutazama jumla ya mwisho tu. Makala hiyo ilisahaulika. Robert Floyd mwaka 1967 na Tony Hoare mwaka 1969 walilazimika kuifikia njia hiyo upya.

Mwaka 1950 aliuliza kama mashine yaweza kufikiri. Badala ya kuunda akili ya mtu mzima, alipendekeza iundwe ya mtoto, kisha ifunzwe kwa tuzo na adhabu. Aling'amua kwamba mwalimu wa mashine hiyo huenda asijue sana kinachoendelea ndani ya mwanafunzi wake. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ameshaeleza kwamba mashine isiyokosea kamwe haiwezi pia kuwa na akili. Mawazo haya mawili hayapatani kwa urahisi na lile la 1949. Programu inayojifunza kutokana na maelfu ya picha za majani haina kurasa zinazoweza kukaguliwa moja moja, na watafiti wa leo bado wanahangaika na pengo hilo. Katika Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, kilichopata hati yake mwaka 2015, sayansi ya tarakilishi hufundishwa, na jina la Turing halikwepeki.

Mwaka 1952 alipatikana na hatia ya uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, kosa la jinai nchini Uingereza wakati huo, na sheria ambayo dola hiyo iliieneza katika makoloni yake. Ili kuepuka kifungo alikubali kudungwa homoni. Idhini yake ya kushughulikia siri za serikali iliondolewa. Aliaga dunia tarehe 7 Juni 1954, akiwa na umri wa miaka 41, kwa sumu ya sayanidi. Uchunguzi uliamua kwamba alijiua.

Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2009, na msamaha wa kifalme ukatolewa mwaka 2013. Noti ya pauni 50 yenye picha yake ilianza kutumika tarehe 23 Juni 2021, siku ambayo angetimiza miaka 109.