Baden-Powell: Mzee wa Nyeri Aliyewaachia Vijana Kazi ya Kuongoza



Wengi wetu tumewaona vijana wa skauti, skafu shingoni, wakiwapanga watu kwenye mistari siku za sikukuu za taifa, huku Tororo na ng'ambo ya pili Busia. Huenda mzazi amejiuliza mambo haya yalitoka wapi, na kama yanamfaa mtoto wa kanisa. Katika toleo hili tunasimulia maisha ya mtu aliyeyaanzisha, Robert Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko hapa hapa Afrika Mashariki. Tutasimulia mazuri yake na mabaya yake, kwa maana hata Biblia haikuyaficha makosa ya Daudi wala ya Petro.

MTOTO WA MJANE

Robert alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana na profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1860, Robert akiwa na miaka 3 tu, baba alifariki. Mama yake, Henrietta Grace, aliachwa na watoto wengi, mdogo wao akiwa na majuma machache tangu azaliwe. Hawakuwa maskini wa kukosa chakula, lakini mama huyo aliibeba nyumba peke yake. Akina mama wajane wa makambini wanajua maana yake.

Shuleni Robert hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alisoma Charterhouse, na karibu na shule palikuwa na msitu ambao wanafunzi walikatazwa kuingia. Yeye aliingia. Humo alijifunza kutembea bila kelele, kufuata nyayo za wanyama, kumnasa sungura na kumpika kwa moto mdogo usiotoa moshi, walimu wasije wakamgundua. Alipojaribu kuingia Oxford hakupokelewa. Mwaka 1876 akaingia jeshini, akapelekwa India. Yale ya msituni, ambayo hayakumpa alama yoyote darasani, ndiyo yaliyokuja kumfanya ajulikane duniani.

ASKARI WA WAKOLONI

Hapa hatuna budi kusema ukweli. Baden-Powell alikuwa askari wa dola ya Uingereza, na sehemu kubwa ya vita vyake alivipigana juu ya ardhi ya Waafrika: kwa Wazulu, kwa Waashanti, na mwaka 1896 kwa Wandebele katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka huo chifu aliyeitwa Uwini alitekwa. Baden-Powell akaamuru ahukumiwe na mahakama ya kijeshi, kisha akapigwa risasi. Uchunguzi ulifanywa na ofisa huyo hakuadhibiwa, lakini chifu alikuwa ameshakufa. Tena maandishi yake ya miaka ile yana maneno ya dharau juu ya watu weusi. Hatuwezi kuyafuta.

Jina lake lilienea kwa sababu ya mji mdogo wa Mafeking, Afrika Kusini. Katika vita vya Waingereza na Makaburu, mji huo ulizingirwa tangu tarehe 13 Oktoba 1899 hadi tarehe 17 Mei 1900, yaani siku 217. Baden-Powell ndiye aliyekuwa mkuu wa ulinzi. Waingereza walimfanya shujaa. Lakini ndani ya mji ule ule Waafrika wengi walikufa kwa njaa, kwa kuwa mgao wa chakula haukuwa sawa kati ya weupe na weusi. Kijana mmoja Mwafrika, Solomon Plaatje, mkalimani wa mahakama mwenye miaka 23, aliandika kila alichokiona katika shajara yake, na shajara hiyo ilichapishwa mwaka 1973, miaka mingi baada ya wote wawili kufa. Ukisoma habari za Mafeking, zisome pia kwa upande wa Plaatje.

Katika kuzingirwa huko ofisa mmoja, Edward Cecil, aliwakusanya wavulana wa mji, wengine wenye umri wa miaka 9 tu, akawafanya kikosi cha kupeleka barua na habari. Kiongozi wao alikuwa mvulana mwenzao, Warner Goodyear, mwenye miaka 13 hivi. Mwanzoni walipanda punda. Chakula kilipokwisha punda wakaliwa, nao wakapanda baiskeli, wakapita hata palipoanguka mizinga. Baden-Powell aliwatazama, akajifunza jambo ambalo hakulisahau: mtoto akipewa kazi ya kweli, na mtu akamwamini, huifanya.

Sisi wa mpakani hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano wa baiskeli. Kuanzia miaka ya 1960 vijana wa Busia waliona kwamba kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda watu hutembea na mizigo kichwani. Wakaweka kiti nyuma ya baiskeli, wakaanza kuwavusha kwa nauli ndogo, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka. Ndiyo bodaboda inayojulikana leo Afrika Mashariki nzima. Hakuna waziri aliyewafundisha. Vijana wana akili ya kuanzisha jambo. Swali ni nani atawasaidia walianzishe kwa njia njema.

KAMBI YA KISIWANI

Baden-Powell aliporudi Uingereza alikuta kitabu alichowaandikia askari kinasomwa na watoto na walimu. Wakati huo walikuwapo tayari watu wa kanisa waliofanya kazi na vijana. Mmoja wao, William Smith, alikuwa ameanzisha Boys' Brigade huko Glasgow mwaka 1883, katika ukumbi wa misheni. Smith alimtia moyo Baden-Powell aandike tena kitabu kile, sasa kwa ajili ya wavulana, si kwa vita bali kwa maisha.

Kabla ya kukichapa alitaka kujaribu. Mwezi Agosti 1907, akiwa na miaka 50, aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi walitoka shule za matajiri. Wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi, kutoka Boys' Brigade. Katika Uingereza ya siku zile hao hawakuketi meza moja. Yeye aliwachanganya, akawagawa katika vikosi vinne vidogo, na kila kikosi akakipa kiongozi kutoka miongoni mwa wavulana wenyewe. Asubuhi aliwaamsha kwa kupuliza pembe ya tandala aliyoitoa Afrika. Mchana walijifunza kuwasha moto, kupika, kufunga kamba, kuokoa mtu anayezama, kusoma alama za njia. Jioni walikaa kuzunguka moto, wakasikiliza hadithi.

Mwaka 1908 kitabu kilitoka katika vijitabu 6, vikiuzwa kwa bei ndogo. Wavulana walivinunua, wakaanza vikosi vyao bila kumngoja mtu mzima. Mwaka 1909 walipokusanyika London, wasichana nao wakaja, wakasema wao pia ni skauti. Mwaka 1910, kwa msaada wa dada yake Agnes, ukaanzishwa umoja wa wasichana wa Girl Guides, na mwaka huo huo yeye akaacha jeshi. Mwaka 1912 akamwoa Olave Soames, aliyekuja kuwa kiongozi wa Girl Guides wa dunia nzima.

Siri ya kazi hii ni kile kikosi kidogo cha watoto 6 hadi 8. Katika kundi la watoto 100 mtu mzima hupiga kelele na watoto husikiliza, au hujifanya wanasikiliza. Katika watoto 8 kila mmoja ana kazi yake: huyu maji, huyu kuni, huyu sanduku la huduma ya kwanza, huyu daftari la fedha. Asipoifanya, wenzake hulala njaa, na ataulizwa na rafiki zake kabla ya kuulizwa na mwalimu. Kiongozi wao naye hujifunza kugawa kazi kwa haki, kumsubiri aliye mdhaifu, na kukubali lawama. Yethro alimpa Musa shauri linalofanana na hilo katika Kutoka 18: usiwabebe watu wote peke yako, weka wakuu wa maelfu hadi wakuu wa makumi.

UHARIBIFU WA RANGI

Moja ya sheria za skauti husema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine. Waliokuja na sheria hiyo Afrika hawakuitii sikuzote. Uskauti uliingia Kenya mwaka 1910 na Uganda mwaka 1915, na mwanzoni Kenya ulikuwa jambo la watoto wa walowezi. Afrika Kusini ilikuwa vibaya zaidi. Vijana weusi waliwekwa pembeni, katika kundi lao lililoitwa Pathfinders. Baden-Powell alikwenda huko mwaka 1936, lakini mapatano yaliyofanyika yaliacha matawi ya vijana yakitengana kwa rangi. Hayakuunganishwa mpaka mwaka 1977.

Je, tuitupe mbegu kwa sababu mkono ulioileta ulikuwa na uchafu? Mwandishi wa makala hii anasema hapana. Mama anayepepeta mchele hatupi ungo mzima kwa ajili ya mawe; anayatoa mawe. Leo vikosi vya skauti Kenya na Uganda vinaongozwa na Waafrika, na sheria ile ya udugu imekuwa mali ya watoto wale wale walionyimwa zamani.

MIAKA YA NYERI

Mwaka 1937, kwenye mkutano wa skauti wa dunia huko Uholanzi, mzee huyo wa miaka 80 aliwaaga vijana wake. Mwaka uliofuata alihamia Nyeri na mkewe, wakakaa katika nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Alichora wanyama, aliandika, alitazama Mlima Kenya. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83, wakati dunia iko vitani tena. Aliacha barua ya kuwaaga vijana, akiwahimiza watafute furaha kwa kuwafurahisha wengine.

Alizikwa Nyeri, katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Olave alifariki mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa kwenye kaburi hilo. Juu ya jiwe imechongwa duara yenye nukta katikati. Ni alama ambayo skauti huichora njiani ili wanaofuata nyuma wajue kwamba mwenzao amekwenda nyumbani.

SISI NA WATOTO WETU

Baadhi ya familia za Kenya zilivuka Busia na Malaba mwaka 2008 baada ya vurugu za uchaguzi. Zilipokewa katika wilaya ya Tororo, zikakaa chini ya mahema pale Mulanda, kabla ya wengi kuhamishiwa Kiryandongo. Waliopitia maisha hayo wanajua kijana anavyoumia anapokuwa hana shamba, hana karo, na siku nzima hana la kufanya. Mpakani wapo wanaomngoja kijana wa namna hiyo. Mmoja atampa mzigo wa magendo aupitishe njia za panya. Mwingine atamwita binti kwenye lori lililopanga foleni. Wote wawili wanampa kijana kazi na kumwambia wanamwamini. Kanisa likimpa mahubiri peke yake, litachelewa.

Klabu ya vijana haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mti wenye kivuli, daftari, kamba, sufuria moja, na mtu mzima mwenye subira. Wagaweni vijana katika vikundi vya watu 8, wavulana na wasichana wapate nafasi sawa ya kuongoza. Msiwapange kwa kabila wala kwa nchi waliyotoka. Mkenya, Mkongomani na Msudani Kusini wapike chungu kimoja. Wapeni kazi ambayo kambi inaihitaji kweli: kusafisha mahali pa kutekea maji, kumchotea maji bibi aishiye peke yake, kuweka hesabu ya bustani ya mboga. Wafundisheni huduma ya kwanza, jinsi ya kukataa kishawishi bila aibu, na jinsi ya kusema mbele ya watu. Kila baada ya miezi mitatu kiongozi abadilishwe, ili hata yule mkimya apate zamu yake.

Watakosea. Uji utaungua, na shilingi mia tano itapotea katika hesabu. Mzazi, usiinyang'anye kazi hiyo mikononi mwao. Kaa karibu, wasaidie watafute kosa, waache waimalize wenyewe. Timotheo alikuwa kijana wakati Paulo alipomwachia kanisa la Efeso, na Paulo aliendelea kumwandikia.

Tuwaombee vijana wetu wa pande zote mbili za mpaka, na tuwaombee pia wazee, Mungu awape moyo wa kuwaachia nafasi. Amina.