Robert Wangila: bingwa wa Olimpiki, na somo ambalo gunia la mazoezi halifundishi

Ukipita Tarakea jioni, si ajabu kukuta vijana wamefunga gunia kwenye tawi la mti na wanalipiga ngumi kwa zamu. Ndani wamejaza mchanga au nguo kuukuu. Mazoezi hayo ni ya zamani sana. Wagiriki wa kale walitundika mfuko wa ngozi darini: asiye na nguvu aliwekewa unga au mbegu za tini, mwenye nguvu akawekewa mchanga. Mpaka leo, bondia hulizoea gunia kwanza kabla ya kusimama na mtu ulingoni.

Mmoja wa waliopita njia hiyo ni jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka, Robert Napunyi Wangila. Alizaliwa Nairobi mwaka 1967. Akiwa na miaka 21 alikwenda Seoul, Korea Kusini, na timu ya Kenya kwenye Olimpiki ya 1988, akicheza uzito wa welta, yaani usiozidi kilo 67.

Kwenye fainali alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani. Raundi ya pili ilipoanza haikuchukua muda, Mfaransa akaenda chini na pambano likaisha. Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuiletea nchi ya Afrika dhahabu ya ngumi katika Olimpiki. Wakenya tumezoea kuwasikia kwenye mbio, lakini siku ile dhahabu yao ililetwa na ngumi. Mpaka sasa hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyeipata.

Mwaka uliofuata aliingia ngumi za kulipwa nchini Marekani. Huko mambo ni mengine. Olimpiki ya wakati wake ilikuwa raundi 3, na mabondia walivaa kofia ya kukinga kichwa. Kwenye ngumi za kulipwa kofia hakuna, na raundi zinaweza kufika 10 au 12. Alishinda mapambano mengi, mengine akapoteza.

Tarehe 22 Julai 1994 alipanda ulingoni Las Vegas kupambana na David Gonzalez. Katika raundi ya 9 mwamuzi aliona Wangila anapigwa mno, akasimamisha pambano. Wangila alilalamika, alitaka kuendelea. Alikuwa bado amesimama, anaongea. Lakini alipofika chumba cha kubadilishia nguo alipoteza fahamu. Madaktari walimfanyia upasuaji kuondoa damu iliyoganda kwenye ubongo. Tarehe 24 Julai alifariki dunia. Alikuwa na miaka 26.

Kwa nini tunamkumbuka leo? Kwa sababu gunia humfundisha kijana kupiga, humpa pumzi na mkono mzito, lakini lenyewe halirudishi ngumi. Anayejifunzia kwenye gunia peke yake anaweza kudhani kichwa chake nacho kitazoea kupigwa. Kichwa hakizoei. Ngumi hutikisa ubongo ndani ya fuvu, mishipa midogo inaweza kukatika, na damu ikavuja taratibu huku mtu akijiona mzima. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kubishana na mwamuzi, kisha akaanguka dakika chache baadaye.

Kwa hiyo vijana wetu, pigeni gunia, lakini fungeni mikono kwa kitambaa, na msijaze mchanga mtupu, kwani huumiza viganja na vifundo. Changanyeni na nguo. Mkipigana wenyewe kwa wenyewe, awepo mtu mzima mwenye kauli ya kusimamisha, na akisimamisha asibishiwe. Mwenzenu akipigwa kichwani kisha akatapika, akasinzia ovyo, akaongea yasiyoeleweka au kichwa kikazidi kumuuma, msimwambie akalale. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama anasema yuko sawa.

Wangila naye aliona yuko sawa.