Louis Pasteur: Profesa aliyeingia kiwandani na hadubini

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wa mijini wanaonunua pakiti ya maziwa dukani kila asubuhi wananufaika na kazi ya Mfaransa Louis Pasteur, ambaye wengi humkumbuka kwa chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka 1885. Ni wachache wanaofahamu kuwa safari yake ya kuwatambua vijidudu ilianzia katika kiwanda cha pombe, baada ya mwenye kiwanda kubisha hodi chuoni.

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi aliyewahi kuwa askari wa Napoleon. Alikulia Arbois, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mizabibu, kisha akasomea kemia jijini Paris.

Mwaka 1854, akiwa na umri wa miaka 31, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Kitivo kipya cha Sayansi mjini Lille, eneo lililojaa viwanda vya nguo, sukari na pombe. Serikali ilitaka elimu ya kitivo hicho ivisaidie viwanda. Pasteur aliafiki, ila alishikilia kuwa ufundi usio na nadharia hauwezi kuzaa uvumbuzi. Aliwaruhusu wanafunzi kufanya majaribio kwa mikono yao wenyewe, akawapeleka kuona viwanda, hata kuvuka mpaka hadi Ubelgiji.

Mwaka 1856 alijiwa na Bigo, mwenye kiwanda cha pombe ya viazisukari, ambaye mwanawe alikuwa mwanafunzi wa Pasteur. Pombe ilikuwa ikiharibika na hasara ikiongezeka. Pasteur akawa anakwenda kiwandani mara kwa mara, akichota sampuli na kuzitazama kwa hadubini. Katika maji mazima aliona chembe za hamira zilizo mviringo. Katika yaliyochacha aliona vijidudu vya umbo jingine, vidogo zaidi.

Wakati huo wakemia mashuhuri, akiwamo Mjerumani Justus von Liebig, waliamini kuwa uchachukaji ni badiliko la kikemia tu, lisilohitaji kiumbe hai. Mwaka 1857 Pasteur aliwasilisha mjini Lille andiko lililopinga imani hiyo. Swali la mfanyabiashara mmoja lilikuwa limefungua mlango wa elimu mpya.

Mwaka 1863 Mfalme Napoleon III alimtaka achunguze sababu ya mvinyo wa Ufaransa kuharibika, jambo lililotishia biashara ya nje. Pasteur alirejea Arbois, akagundua kuwa kuupasha mvinyo joto la nyuzi 50 hadi 60 kulitosha kuua vijidudu. Aliandikisha hataza mwaka 1865, kisha akaiachia itumiwe na umma bila malipo.

Wafanyabiashara walihofia kuwa joto lingeondoa ladha. Ndipo mvinyo ukapakiwa katika meli ya Jean Bart, nusu yake ukiwa umepashwa joto. Baada ya miezi kumi baharini, uliopashwa ulirudi ukiwa safi, na mwingine ukiwa umeanza kuchacha.

Gharama ya kazi hizo haikuwa ndogo. Mabinti zake watatu walifariki wakiwa wadogo, na Oktoba 1868 alipatwa na kiharusi kilichodhoofisha upande wa kushoto wa mwili wake. Hata hivyo, mwaka 1871 alikuwa London katika kiwanda cha bia cha Whitbread, akiwaonyesha mameneja kasoro za hamira yao. Kitabu chake juu ya bia kilitoka mwaka 1876.

Taasisi ya Pasteur ilizinduliwa jijini Paris mwaka 1888. Mwenyewe alifariki Septemba 28, 1895. Kupasha maziwa joto kwa namna hiyo kulienezwa na wataalamu wengine waliofuata nyayo zake.

Hivi leo Afrika Mashariki ina vyuo vinavyofundisha sayansi ya chakula, kikiwamo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ina pia wasindikaji wengi wanaomwaga maziwa na juisi zilizoharibika. Maisha ya Pasteur yanaonyesha kuwa hasara kama hiyo, ikipelekwa maabara mapema, yaweza kumnufaisha mwenye kiwanda, mwanafunzi na mlaji kwa pamoja.